Kodi huja kwa waya, msamaha kwa miguu

Mita ilianza kulia magharibi, wali ukiwa bado jikoni. Bibi alifungua pindo la khanga, akatoa noti ya shilingi 2,000 iliyokunjwa mara nne, akampa mjukuu akimbie kwa wakala pale barabarani. Ilikuwa siku ya pili ya mwezi. Mtoto alirudi na simu mkononi, akanikabidhi mimi, kwa sababu bibi macho yake hayasomi tena herufi ndogo.

Nilimsomea tarakimu 20 za tokeni, moja baada ya nyingine, mjukuu akizibonyeza kwenye rimoti iliyoning'inizwa ukutani kwa msumari. Mlio ukakoma. Bibi akauliza ni uniti ngapi. Nikamwambia ni nne na kidogo.

"Nne? Mwanangu, soma vizuri. Elfu mbili si uniti kumi na sita?"

Alikuwa sahihi. Kwa mtu aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo, elfu moja humpa uniti 8.2, hesabu ambayo kijiji kizima cha Kiberege kinaijua kwa kichwa. Lakini ule ulikuwa ununuzi wake wa kwanza wa mwezi, na ununuzi wa kwanza hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500. Iliyobaki kununulia umeme ni shilingi 500. Ndani ya hiyo tena imo kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, imo asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati. Zikabaki uniti nne, za taa tatu, redio na chaji ya simu.

Bibi huyu ana miaka sabini na kitu. Nyumba ni yake, ya matofali ya kuchoma na bati, na anaishi humo na wajukuu wawili. Sheria ya kodi ya majengo inamtaja mtu kama yeye: mzee aliyefikisha miaka 60, kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi mwenyewe, anasamehewa. Inamtaja pia mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Imesamehe hata nyumba za udongo na za nyasi ambamo watu wanaishi. Nilipomweleza hayo alinyamaza kidogo, akachochea moto.

"Sasa hiyo mita haikuambiwa?"

Nimeandika habari za kodi kwa miaka mingi, na sijapata kusikia swali lililokwenda kwenye kiini cha jambo upesi namna hiyo.

Kiberege ipo kwenye barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara, milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na bonde la Kilombero likifunguka upande wa pili, mpunga na miwa hadi macho yachoke. Wageni wengi wanaijua kwa sababu ya gereza lake. Wenyeji wanajua pia kwamba hapa palikuwa na boma enzi za Waingereza. Arthur Culwick, ofisa aliyetumikia Ulanga miaka ya 1930 na kuandika na mkewe kitabu cha mwaka 1935 kuhusu Wabena wa mito, alifanya kazi zake akitokea hapa. Nalitaja boma kwa sababu moja. Neno "kodi ya nyumba" halikuletwa bondeni na nguzo za umeme.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda Aprili 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba kwa mwaka. Asiye na rupia alilipa kwa jasho. Miaka saba baadaye Majimaji ilipolipuka, bonde hili lilikuwemo: Agosti 1905 ngome ndogo ya Ifakara iliangamizwa, na tarehe 30 ya mwezi huo Wapogoro na Wambunga walikuwa wanalishambulia boma la Mahenge. Sababu za vita vile ni nyingi, lakini kodi na kazi za lazima hazikosekani katika hesabu yoyote ya haki. Waingereza nao walikuja na sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922, na watu wakajifunza kubanana, familia mbili chini ya paa moja, ili karani ahesabu kibanda kimoja. Baada ya Uhuru kodi zilibadilika majina. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 na 1990 hawajasahau kodi ya maendeleo na mgambo wa alfajiri waliokuwa wakiisaka, hadi ilipofutwa mwaka 2003.

Kodi zile zilikuwa kali, na sitaki mtu adhani nazitamani. Lakini aliyekuja kuzidai alikuwa mtu. Jumbe alisimama mlangoni, akamwona kikongwe ameketi juani, akamwona kipofu akishikwa mkono na mtoto. Angeweza kuwa katili, na wengi walikuwa, lakini alikuwa na macho. Mita haina macho. Haijui kama ukuta iliopigiliwa ni wa zege au wa udongo, wala kama anayelala ndani ana miaka 30 au 90.

Kodi ya majengo tuliyonayo leo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1983 ya mamlaka za miji. Kwa miongo mitatu ilikuwa jambo la mjini: mthamini anakuja, nyumba inathaminiwa, bili inatumwa, na mara nyingi bili hailipwi. Majengo mengi hayakuwahi kuthaminiwa kabisa. Mwaka 2016 Serikali iliikabidhi kazi ya kukusanya kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2018 ikaachana na uthamini kwa walio wengi na kuweka kiwango kimoja: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Kisha ikaja Agosti 2021. Kuanzia tarehe 20 ya mwezi ule kodi ilihamia kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia: 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa. Mwaka 2023 viwango vilipanda hadi 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Kama njia ya kukusanya, LUKU haina mpinzani. Hakuna foleni, hakuna risiti ya bandia, hakuna ofisa wa kuhongwa. Asiyenunua umeme mwezi mmoja hukuta miezi yote imemsubiri siku atakaponunua. Nchi inahitaji mapato na sina ugomvi na hilo. Barabara ya lami inayopita mbele ya nyumba ya bibi haikuota kama magugu.

Ila kiwango kimoja kina upofu wake. Nyumba ya kawaida ni nyumba ya kawaida: jumba lenye bustani pana huko Dar es Salaam, lisilo na ghorofa, linalipa 18,000 kwa mwaka, na vyumba viwili vya Kiberege vinalipa 18,000. Mwenye jumba hata hajui kama amekatwa. Kwa mtu anayetumia uniti 15 kwa mwezi, umeme wenyewe unagharimu kama shilingi 1,830, kwa hiyo kodi inakaribia kuifanya gharama yake ya mwezi kuwa mara mbili. Zamani uthamini, pamoja na kasoro zake zote, ulikuwa unaiangalia nyumba. Sasa hauiangalii. Mahali pekee palipobaki ambapo sheria inamtazama mtu usoni ni kwenye ule msamaha wa wazee na wenye ulemavu. Ndiyo maana msamaha ule si jambo dogo, na ndiyo maana inauma ukibaki kwenye karatasi.

Ili uupate, unauomba. Mzee anatakiwa kuthibitisha umri wake, kuthibitisha kwamba nyumba ni yake na anakaa humo, na kupeleka maombi kwa TRA ili mita yake iondolewe kwenye makato. Yakisomwa ofisini mambo hayo ni mepesi. Hebu tuyatembee.

Kwanza ni barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji. Mtendaji yupo leo, kesho ameitwa kikao, keshokutwa ni mgogoro wa mipaka ya mashamba na wafugaji. Ni mtu mmoja na kijiji kizima kinamtaka, simlaumu. Kisha kitambulisho cha taifa, au namba yake kama kadi haijafika. Kisha safari ya Ifakara, kilomita thelathini hivi, kwa bodaboda au kwa hiace. Mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu hakai juu ya bodaboda peke yake, anashikiliwa. Kwa hiyo ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na chakula cha mchana, na uwezekano wa kuambiwa urudi wiki ijayo. Piga hesabu hiyo mwenyewe, kisha uigawanye kwa 1,500. Wazee wengi wameipiga na kuamua kukaa nyumbani. Hawakukosea hesabu.

Halafu linakuja la jina. Mita ya bibi haina jina lake. Mafundi walipopita kuunganisha wateja, aliyekuwa nyumbani siku hiyo ni mwanawe wa kwanza, akaandikwa yeye. Sasa yuko Dar es Salaam. Nyumba tatu kutoka hapo mita ina jina la mume aliyefariki, na mjane hajafungua mirathi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba aliyozalia watoto wake sita inahitaji kesi ili iwe yake. Kwingine nyumba mbili zinatumia mita moja. Mzee yuko ya nyuma, mpangaji ya mbele. Kwenye mfumo wa kompyuta, wazee hawa hawapo. Kilichopo ni namba ya mita yenye tarakimu 11 na jina la mtu mwingine.

Jirani mmoja hana hata ukuta wa tofali. Nyumba yake ni ya miti na udongo, na umeme umeingia kwa UMETA, kile kibao chenye soketi na swichi kilichobuniwa kwa ajili ya nyumba ndogo ambazo hazijatandazwa nyaya. Sheria inaitaja nyumba ya udongo kwa jina lake. Ila ikishaungwa umeme, hakuna kitu kwenye mita kinachosema udongo.

Nilikaa muda mrefu zaidi na mwanamume aliyepoteza macho akiwa kijana. Hajafika miaka 60, kwa hiyo njia yake ni ile ya pili, ya mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Mchana wote vidole vyake vilikuwa kazini: anasuka vitanda vya kamba. Anaanza na kona, anavuta, anapapasa mvutano kwa kidole gumba, anarudia palipolegea. Kitanda kimoja kinaweza kumchukua siku mbili. Wakati wa mavuno, watu wakiwa na fedha, anapata kazi. Masika, mashamba yakiwa chini ya maji, hapati hata moja.

"Nikienda kuomba," aliniambia bila kuacha kusuka, "nitasema sina kipato? Watu wote wa hapa wananiona nikisuka. Nitaonekana mwongo."

Huyu ni mtu anayeilinda heshima yake kuliko shilingi 1,500, na sheria imemweka mahali ambapo lazima achague kimoja. Mwenye miaka 60 haulizwi kama anapika maandazi ya kuuza asubuhi. Kwa nini mwenye ulemavu aulizwe? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliandikwa ili mtu kama huyu afanye kazi na ashiriki maisha ya wenzake. Kumtaka athibitishe kwamba hana chochote kabla ya kumpunguzia mzigo ni kumrudisha kwenye mkeka wa ombaomba tuliosema tumemnyanyua kutoka hapo. Gharama za ulemavu hazingoji kipato: mtoto wa kumshika mkono hadi kliniki, nauli mara mbili. Na bonde hili lina wengi wa namna hiyo, kuanzia waliopona ukoma wakabaki na vidole vilivyokatika, hadi waliopofushwa na usubi kwenye mito ya Mahenge.

Sera ya Taifa ya Wazee, ya mwaka 2003, ilisema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kwamba wazee ni hazina ya taifa. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, na waliofika umri huo ni kama asilimia 5.7. Kati yao wenye pensheni ni wachache. Wengi ni wakulima, na mkulima hana siku ya kustaafu. Wala kibarua hana: marehemu mume wa bibi alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Kidatu kabla ya kuhamia kwenye miwa. Kituo kile cha megawati 204, kinachoendeshwa na maji ya Ruaha Mkuu, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Baadaye kikaja cha Kihansi, megawati 180, upande wa pili wa wilaya hii hii. Kwa miongo mingi umeme wa hapa ulipita juu ya vichwa vya watu wa hapa kwenda kuwasha taa za miji, na wao waliendelea na vibatari. Bibi alipata balbu yake ya kwanza akiwa tayari na wajukuu. Mumewe hakuiona.

Watu wengine wameshughulikaje na wazee wao? Sina haja ya kwenda mbali. Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii Aprili 2016: kila aliyefikisha miaka 70, awe maskini au tajiri, shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayetakiwa kuapa kuwa hana kitu. Umri unatosha, na sheha anawajua wazee wa shehia yake. Marekani, jimbo la Wisconsin lilitunga mwaka 1964 mpango wa kuwarudishia wazee wa kipato kidogo sehemu ya kodi ya nyumba inapowazidi uwezo, na likawajumuisha hata wapangaji, kwa kuwa lilitambua kwamba kodi ya jengo humfikia mpangaji ndani ya kodi ya pango. Hilo nasi limetugusa tangu 2021: mwenye nyumba yuko mbali, anayenunua umeme ni mpangaji, na anayekatwa ni aliyenunua. Mzee anayepanga chumba analipia nyumba ya mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi bibi aliniletea karatasi iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, kadi bado. Aliitandaza juu ya mkeka, nami nikaweka pembeni yake simu yenye ule ujumbe wa jana. Zote mbili zina tarakimu 20. Ile ya tokeni haisemi chochote kuhusu mtu. Ile ya NIDA inaanza na tarehe ya kuzaliwa: nne za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku. Yake inaanza na 1951. Tarehe na mwezi ni vya kukadiria, kama vya wazee wengi wa rika lake. Anachokumbuka yeye ni kwamba mwaka wa Uhuru alikuwa mkubwa wa kutosha kuamia ndege mpungani peke yake.

Kwa hiyo Serikali inaujua umri wake. Umri huo umo ndani ya namba ambayo Serikali hiyo hiyo ilimpa. Laini ya simu ya mjukuu imesajiliwa kwa NIDA kwa alama za vidole. Mita ina namba, na mita inajua kukata fedha kila mwezi bila mtu kutembea hatua moja. Kinachokosekana ni namba mbili kukutanishwa mara moja. Mtendaji anaweza kufanya hivyo akiwa kijijini: mzee anakuja na namba yake ya NIDA na namba ya mita, mwenyekiti wa kitongoji anathibitisha kwamba huyu ndiye mwenye nyumba na anaishi hapa, hata kama mita ina jina la mwana au la marehemu, taarifa zinatumwa, makato yanakoma. Wenye ulemavu wapitie hapo hapo, bila swali la kipato. Na yeyote atakayefikisha miaka 60 baada ya hapo, namba yake iliyokwisha kuunganishwa imsamehe yenyewe siku hiyo, kama ilivyokuwa ikimkata yenyewe.

Wataalamu watasema kuna udanganyifu, kwamba vijana wataandikisha nyumba kwa majina ya bibi zao. Wengine watafanya hivyo. Watakachoiba ni shilingi 18,000 kwa mwaka kila mmoja, na mwenyekiti wa kitongoji anajua nani analala wapi kuliko kompyuta yoyote. Kwa upande wa pili, kila mzee anayestahili ambaye hajaomba ananyang'anywa fedha hiyo hiyo kila mwaka, na yeye hana wa kumpeleka polisi.

Jumatatu tulikwenda. Bibi alivaa khanga mpya na kandambili, akashika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Tulitembea polepole kando ya lami, tukisimama kila penye kivuli, watu wakimwamkia shikamoo naye akiitikia mmoja mmoja. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mama muuza vitumbua aliyekuwa karibu alisema mtendaji amekwenda Ifakara kikaoni, labda atarudi mchana, labda kesho.

Chini ya mwembe kulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikuwepo wazee wawili, kila mmoja na bahasha yake. Wakasogea kumpisha. Bibi akaketi, akanyoosha mguu unaomuuma, akaweka mfuko mapajani.

"Wewe nenda, mwanangu, usichelewe gari," akaniambia. "Mie namsubiri."

Nilipopita tena na gari saa nane, bado walikuwa watatu.